Ukuta wa Nyuma ya Mlango

Ujumbe wa chuo uliingia Jumatano asubuhi, Kitinda akiwa anapiga mswaki, na povu lote likaishia kwenye kioo.

"Mama! Nimechaguliwa! Uuguzi! Mama!"

Mama Mapazia ndiyo kwanza alikuwa anatua mzigo mlangoni. Alikuwa ametoka kupachika mapazia katika vyumba ishirini na vinne vya hoteli moja ya mji wa jirani, siku mbili juu ya ngazi, na magoti yake yalikuwa hayataki tena kusikia habari zake. Lakini aliposikia neno uuguzi aliuacha mzigo ujiangukie wenyewe. Mwaka uliopita huyu kitindamimba wake alikosa nafasi kwa alama mbili, akakaa nyumbani miezi kumi na miwili akipinda mapazia kwa uso wa mtu anayejishonea sanda.

"Soma yote," alisema. "Usisome hongera tu. Hongera haina kazi."

Kitinda akasoma yote. Nafasi ilitakiwa kuthibitishwa kwenye tovuti ya chuo, kwa kutumia akaunti ya mzazi iliyofunguliwa wakati wa kuomba mara ya kwanza, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asiyethibitisha, nafasi yake ingekwenda kwa aliye wa kwanza kwenye orodha ya akiba.

"Basi thibitisha."

"Inataka paswedi yako."

"Si ipo ukutani? Ingia ndani, nyuma ya mlango, chini ya urefu wa kaka yako."

Watu wengine wana kabati la nyaraka. Familia hii ilikuwa na ukuta. Kwa miaka tisa Mama Mapazia alikuwa akiandika mambo yote ya maana nyuma ya mlango wa sebule, kwa penseli au kwa chaki ya kukatia vitambaa, kwa sababu karatasi katika nyumba ya mshonaji haikai, humezwa na vitambaa. Pale palikuwa na urefu wa watoto watatu mwaka kwa mwaka, tarehe ya kubadili mtungi wa gesi, vipimo vya madirisha ya wateja, simu ya mkunga, na paswedi za nyumba nzima. Mgeni angeweza kusimama hapo dakika kumi akatoka anaijua familia hii kuliko ndugu zao.

Kitinda aliingia sebuleni, ambamo kwa siku mbili baba yake alikuwa amemkataza kukanyaga, akisema anaziba nyufa. Mama yake akamsikia akisukuma mlango, halafu hakumsikia tena.

"Umeiona?"

"Mama," sauti ilitoka ndogo. "Njoo."

Sebule nzima ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa. Kuta nne, dari, hata ile kona ya nyuma ya kochi ambayo hakuna binadamu angeikagua. Katikati ya chumba alisimama mumewe, Fundi Rangi, mikono nyuma, kofia yake ya kazi kichwani, akitabasamu kama mtoto anayengoja kusifiwa.

Kwa miaka tisa Mama Mapazia alikuwa amemwambia mtu huyu, mbele ya wageni na bila wageni, kwamba nyumba ya fundi rangi ndiyo pekee mtaani inayofanana na mgonjwa. Kwa miaka tisa alikuwa amejibiwa "wiki ijayo". Sasa wiki ijayo ilikuwa imefika.

"Nilitaka ukirudi ukute," Fundi alisema. "Mikono miwili ya rangi. Na kabla ya hapo nimepiga msasa."

"Umepiga msasa."

"Msasa mzuri. Nikaziba na nyufa."

Mama Mapazia alimtazama, akautazama ukuta. Alilokuwa nalo moyoni lilikuwa na miguu minne na pembe, lakini hakuwa na haki ya kulitoa. Ukimdai mtu zawadi miaka tisa, siku akikuletea huwezi kumpiga nayo.

"Huwezi kukwangua kidogo tukasome chini?" Kitinda aliuliza.

Fundi alichukua kisu chake, akakwangua kipande cha upana wa kiganja. Ikatoka rangi ya maziwa, ikafuata nyingine ya maziwa, ikafuata plasta safi.

"Fundi mbovu angepaka juu juu," alisema polepole, akianza kuelewa alichofanya, "na sasa hivi tungekuwa tunasoma."

"Ndiyo bahati yangu," mkewe alisema. "Miaka yote hii, siku ya kwanza unafanya kazi safi."

*

Walijaribu kukumbuka. Mama Mapazia alijua kwamba paswedi ilikuwa na herufi kubwa mwanzoni, tarakimu, na "kile kidude", kwa sababu tovuti ilikuwa imekataa nne za kwanza kwa kuwa hazikuwa na kidude. Lakini kidude kipi?

"Kilikuwa kama ngazi," alisema.

Kitinda akajaribu ngazi. Ikakataa. Akajaribu nyota, akajaribu mshangao. Kila mara, kabla ya kukataa, tovuti ilifunika nusu ya kioo cha simu na tangazo kwamba inatumia vidakuzi, ikitaka wakubali.

"Vidakuzi ndiyo nini?"

"Sijui, Mama. Watu hukubali tu."

"Mtu anakwambia ukubali kitu usichokijua ndani ya nyumba yako, na wewe unakubali?"

"Nisipokubali, tangazo halisogei."

Baada ya jaribio la tano maandishi mekundu yalitokea, na chini yake kiungo kidogo cha kijivu kwenye kijivu: *Umesahau nywila?* Kilikuwa kidogo kana kwamba waliokitengeneza waliona aibu kwa niaba ya wateja. Kitinda alikibonyeza mara tatu ndipo kidole kikakipata. Tovuti ikajibu kwa furaha kwamba imetuma namba ya uhakiki, itakayodumu dakika mbili, kwenye simu inayoishia na arobaini na saba.

"Yangu inaishia na kumi na tisa," alisema Mama Mapazia.

Wakatazamana. Arobaini na saba ilikuwa laini yake ya zamani, aliyoiacha mwaka mmoja uliopita alipohamia kampuni nyingine.

"Laini ikikaa bila kutumika huwa wanaiuza tena," Kitinda alisema.

"Wanaiuza? Na watu wangu ndani?"

Aliipiga. Ikaita mara mbili.

"Bucha, karibu."

"Habari za leo, kaka. Samahani kwa usumbufu. Kuna ujumbe umekuingilia sasa hivi, una namba sita. Naomba unisomee."

Upande wa pili panga likasikika likitua kwenye gogo, mara moja.

"Dada," alisema muuza nyama, "wewe ni mwizi wa peke yako au mko kundi?"

"Mwizi! Mimi mzazi. Hiyo laini ilikuwa yangu."

"Ilikuwa. Hata hiki kichwa kilikuwa cha ng'ombe."

"Kaka yangu, nisikilize—"

"Nisikilize wewe. Imeandikwa hapa, naisoma kwa miwani: usimpe mtu yeyote namba hii, hata akisema ni mfanyakazi wetu."

"Lakini mimi si mfanyakazi wao!"

"Basi umo kwenye *mtu yeyote*."

Akakata. Duniani kote watu wanatoa namba zao za siri kwa sauti ya kwanza iliyo tamu. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyefuata maagizo, na laini ya Mama Mapazia ilimwangukia huyo. Mama Mapazia alipiga tena, akakatwa. Alipiga mara ya tatu, akawa amefungiwa.

"Amesemaje?" Fundi aliuliza kutoka kwenye kona aliyokuwa amejificha na brashi.

"Inakuhusu nini?" alisema mkewe. "Endelea kupaka."

*

Alhamisi alipiga simu chuoni. Sauti ya mashine ilimwambia abonyeze moja kwa ada, mbili kwa malazi, tatu kwa wahitimu, na tisa kusikia tena aliyokwisha kusikia. Hapakuwa na namba ya kubonyeza kwa mtu ambaye mumewe amepaka rangi. Alikaa na simu sikioni dakika arobaini, akipinda pazia kwa mkono wa pili, hadi akaja binadamu, msichana mwenye sauti ya adabu.

"Mzazi, ingia kwenye tovuti, bonyeza *umesahau nywila*."

"Nimebonyeza. Namba inakwenda kwa muuza nyama."

"Basi badilisha namba ya simu."

"Naibadilishia wapi?"

"Ukishaingia kwenye akaunti yako."

"Kwa hiyo ili niingie, kwanza niwe nimeingia."

"Ndiyo, mzazi."

"Mwanangu, wewe ukifungia ufunguo ndani ya nyumba, unaingiaje?"

Msichana alifikiri. "Navunja dirisha."

"Sasa hii nyumba yenu dirisha lake liko wapi?"

"Kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia leo?"

"Je, nikija mwenyewe? Ni safari ya siku nzima, lakini nitakuja na cheti cha kuzaliwa na huyo mtoto mwenyewe."

"Huduma za dirishani zimefungwa, mzazi. Siku hizi kila kitu kinafanyika mtandaoni, kwa urahisi wako."

"Kwa urahisi wangu," alirudia Mama Mapazia, akamshukuru, kwa sababu msichana hakuwa na kosa na kwa sababu alikuwa mtoto wa mtu.

Kitinda naye hakukaa bure. Kwenye pembe ya tovuti palikuwa na katuni iliyopunga mkono na kusema: *Habari! Mimi ni Rafiki. Nikusaidie nini?*

"Mwambie baba yako amefuta paswedi kwa rangi," mama alisema.

Kitinda akaandika. Rafiki akafikiri, vidoti vitatu vikiruka. *Samahani, sijaelewa. Je, ulimaanisha: Stashahada ya Rangi na Usanifu?*

"Jaribu tena. Sema kwa ufupi. Sema paswedi imepotea."

*Pole kwa msiba wako,* alijibu Rafiki.

Basi Kitinda akaandika shida yake kwenye kundi la waliochaguliwa, watu mia tatu wasiojuana. Majibu yalimiminika. Mmoja aliandika pole sana dada. Wa pili aliandika zima simu kisha uiwashe. Watu kumi na wanne walituma mikono iliyokunjwa kuomba. Mwingine alitangaza viatu vyeupe vya wodini. Wa mwisho, mwenye picha ya ua, aliuliza kwa upole: *Samahani, kwani ukishindwa kuthibitisha, ni kweli nafasi inakwenda kwa aliye akiba?*

Kitinda aliiweka simu chini, kioo kikitazama meza. Hakulia. Alichukua pazia lililokuwa limebaki, akaanza kulipinda, na uso wake ulikuwa umerudi ule wa mwaka jana. Mama yake aliuona. Angeweza kuvumilia kelele. Uso ule hakuuweza.

"Fundi," aliita. "Toka kwenye hiyo kona. Wewe ndiye uliyetuingiza humu."

Fundi alitoka. Alikuwa amepaka mlango wa jikoni, fremu ya dirisha na stuli mbili ambazo hakuna aliyemwomba, kwa sababu mtu mwenye hatia lazima afanye kitu na mikono. Alichukua simu yake mwenyewe, ambayo muuza nyama alikuwa hajaifungia, akapiga.

"Bucha? Habari za kazi, mzee. Nasikia nyama yako haina mpinzani. Nataka kilo mbili za steki kesho asubuhi. Nyinyi mko wapi hasa?"

Muuza nyama, aliyeshindwa kumpa mama mtu namba sita, alimweleza mteja njia hadi mti wa umeme wa mwisho: ng'ambo ya pili ya mji, nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa bluu, na kesho angefungua saa nne kwa sababu asubuhi angekuwa machinjioni.

Mama Mapazia alimgeukia mumewe.

"Kumbe una akili," alisema. "Ulikuwa umeifunikia na msasa."

*

Ijumaa saa nne kasoro walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa bluu, baba, mama na binti, wamevaa kama wanaokwenda kuposa. Muuza nyama alichelewa. Alifika saa nne na nusu, mtu mwembamba kama mfupa alioumaliza, miwani imefungwa kwa uzi, na alipoona watu watatu kwa steki ya kilo mbili alianza kuingiwa na shaka.

"Mimi ndiye yule mwizi," alisema Mama Mapazia, kwa kuwa hakuona faida ya kuzunguka. "Huyu ndiye mtoto. Chuo kinafunga saa sita."

Muuza nyama hakuwafukuza. Lakini hakutoa simu. Alifunga aproni, akanoa kisu, akahudumia wateja watatu, wanne, sita. Mama Mapazia, ambaye wateja wake mwenyewe humsubiri wiki tatu na kumshukuru, alisimama pembeni ya ndoo ya mifupa na kuambiwa "sogea dada, unaziba mizani". Alisogea. Saa tano ikapita. Saa tano na robo.

Hatimaye muuza nyama akaweka kisu chini.

"Nina ujumbe mia nne na kumi na mbili usio wangu," alisema. "Sijafuta hata mmoja, maana cha mtu ni cha mtu. Nitakuuliza jambo moja. Mara tu nilipoinunua laini hii, kuna mwanamke aliandika amekasirika sana, habari za pazia. Alisema nini?"

"Simu ilikuwa yako, mimi ningejuaje alichoandika? Lakini kuna mmoja wakati ule alikuja mwenyewe hadi nyumbani, pazia mkononi, anapiga kelele kwamba limeishia magotini. Eti dirisha lake limevaa kaptura."

Muuza nyama alipiga gogo kwa kiganja. "Limevaa kaptura! Ndiyo wewe! Jamani, ndiye mwenyewe!" Aligeukia foleni kana kwamba anamtambulisha bi harusi. "Mimi na mke wangu tumekusoma miezi yote hii. Yule dada yako mwenye mimba ya mapacha, alijifungua salama?"

"Mmoja. Daktari alihesabu vibaya."

"Alhamdu, salama lakini. Na ile hoteli, walikubali rangi ya zambarau?"

"Kaka, saa!"

"Haya, haya. Lete hiyo tovuti."

Kitinda aliweka simu yake juu ya kaunta, kati ya mizani na maini. Akakubali vidakuzi. Akabonyeza kiungo cha kijivu. Simu ya muuza nyama ikalia, na yeye, miwani mkononi, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti ya mtu anayekula kiapo, na foleni nzima ikazirudia baada yake. Hakukuwa na siri tena, lakini dakika mbili zilitosha.

Kioo kikabadilika. *Asante. Sasa jibu swali lako la usalama. Ni nani unayemtegemea kuliko wote maishani? Una nafasi tatu. Ukikosea, akaunti itafungwa kwa saa ishirini na nne.*

"Hilo swali uliliweka lini?" Kitinda aliuliza.

Mama Mapazia alikumbuka siku, lakini jibu hakulikumbuka. Ilikuwa kwenye duka la fotokopi, miaka miwili iliyopita, watu nyuma yake wakipumua shingoni. Fomu ilikuwa imemtupa nje mara mbili na kufuta kila alichojaza, kwa sababu alikuwa ameandika tarehe ya kuzaliwa kwa mkwaju, ule mstari uliolala upande, na yenyewe ilitaka kistari. Mara ya tatu alikuwa anajaza bila kufikiri, kwa kidole kimoja na hasira mbili.

"Hili ni rahisi," Fundi alisema. Alivua kofia yake, akajinyoosha kidogo mbele ya foleni. "Andika *fundi rangi*. Ndivyo anavyoniita."

Kitinda alimtazama mama yake. Mama yake alitazama maini.

"Andika," alisema.

Akaandika. *Jibu si sahihi. Umebakiwa na nafasi mbili.*

"Aaah," foleni iliguna.

"Pole, baba," alisema bibi mmoja mwenye kikapu, kwa huruma iliyokuwa mbaya kuliko kicheko.

Fundi aliirudisha kofia kichwani, akaishusha hadi kwenye nyusi. Mama Mapazia alitaka kumwambia kwamba ilikuwa ni fomu tu. Alitaka kumwambia kwamba ngazi yake anashikiwa na nani, na mizigo yake hubebwa na nani, na nani huamka kumkanda magoti bila kuombwa. Lakini watu walikuwa wengi na saa ilikuwa tano na dakika thelathini na nane.

"Jaribu *mama*," alisema. "Mama yangu alikuwa hai wakati ule."

Kitinda akajaribu mama. Nyekundu. Nafasi moja.

Sasa foleni ilikuwa imegeuka baraza. Mmoja alisema aandike Mungu, haiwezekani mtu asimtegemee Mungu. Mwingine alisema lazima ni jina la mtoto wa kwanza. Wa tatu, aliyekuja kununua utumbo, alishauri wazime simu na kuiwasha. Muuza nyama aliwaamuru wanyamaze, kisha naye akashauri. Kitinda alikuwa amekaza vidole pembezoni mwa kaunta, kucha zimekuwa nyeupe.

"Mama, kumbuka. Tafadhali. Kumbuka tu."

"Nakumbuka! Unadhani ninafanya nini hapa?"

Fundi alikuwa ametoka nje. Alionekana kupitia mlangoni akikwaruza kwa kidole gumba rangi ya bluu iliyokuwa inabanduka kwenye fremu, kama afanyavyo akiwa na mawazo. Alikwaruza, akasimama, akaitazama ile rangi iliyotoka. Kisha akarudi ndani, akawapita watu wa foleni, akasimama upande wa pili wa kaunta, uso kwa uso na mkewe.

"Acha kukumbuka," alisema.

"Nini?"

"Wewe hukumbuki ulichojibu. Lakini mimi nakujua unavyojibu." Akasafisha koo. Halafu, kwa sauti bapa, isiyo na damu, ile ile ya mashine ya chuo, akauliza: "Ni nani unayemtegemea kuliko wote maishani?"

Mama Mapazia alikuwa na jasho mgongoni, harufu ya damu puani, watu kumi na mmoja wakimtazama, na mtoto wake akiponyoka kama uzi kwenye tundu la sindano.

"Inakuhusu nini!" alifoka.

Mtu wa utumbo alirudi nyuma hatua moja.

"Andika hivyo hivyo," Fundi alimwambia Kitinda.

"Baba, ni nafasi ya mwisho."

"Nimeishi na huyu mwanamke miaka ishirini na saba. Andika."

Kitinda alimtazama mama yake, na mama yake akamsogezea simu karibu. Msichana akaandika. Akafumba macho, akabonyeza.

*Karibu tena, mzazi!*

Foleni ililipuka. Bibi mwenye kikapu alimkumbatia mtu wa utumbo. Muuza nyama alipandisha kisu juu, na mkewe, aliyekuwa ametoka ndani aone kuna nini, akapiga kigelegele bila kujua sababu. Na saa tano na dakika hamsini na moja, Kitinda aliposhuka chini kabisa ya ukurasa, akakuta kitufe cha *Thibitisha* kimefunikwa na kibao: *Kabla hujaendelea, tupe nyota. Umefurahia huduma yetu?*

"Wape moja," alisema Mama Mapazia. "Waandikie na sababu. Nipe nitaandika mwenyewe."

"Mama, usibishane nao sasa!" Kitinda akawapa tano, kibao kikaondoka, akathibitisha.

Ujumbe ukaja. Ukaja kwa muuza nyama, bila shaka, na ndiye aliyeusoma, mara mbili, ya pili akiwa amevua miwani kuifuta. Nafasi ilikuwa ya Kitinda. Msichana alikaa juu ya ndoo ya mifupa, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia asogee.

*

Walirudi nyumbani na kilo mbili za steki, kwa sababu Fundi alisema neno ni neno. Njia nzima hakuna aliyetaja lile swali. Fundi alibeba nyama, akapiga mluzi, lakini mkewe aliujua mluzi huo: hutokea akijikata kidole na hataki mtu aone.

Jumapili Mama Mapazia alipotoka kuchukua vipimo vya dirisha alivyokuwa amepoteza pamoja na ukuta, akarudi, alimkuta mumewe amepiga magoti nyuma ya mlango. Alikuwa amebandika utepe kwenye rangi mpya ya maziwa, mstatili ulionyooka kama rula, na ndani yake rangi nyeusi, ile ya mbao za shule, ilikuwa imekwisha kukauka.

"Hapa utaandika," alisema bila kugeuka. "Hakuna msasa utakaopagusa."

Akatoa utepe taratibu, akakusanya brashi zake, akatoka kuziosha. Mama Mapazia akaenda kuchukua chaki yake ya kukatia vitambaa, akasimama mbele ya weusi ule, na kwa muda mrefu kuliko kawaida yake hakuandika kitu. Kisha akaita.

"Kitinda! Lete simu. Nioneshe wanapobadilishia lile jibu."

Fundi aliporudi kutoka bombani, mikono ikimchuruzika maji, alimkuta binti yake amesimama mbele ya ubao akitikisa kichwa.

"Baba, mwambie. Jibu la usalama haliandikwi ukutani. Kila mgeni ataliona."

Lilikuwa limeandikwa juu kabisa, kabla ya vipimo vya dirisha lolote, kwa mwandiko wa mtu anayebonyeza chaki kana kwamba ukuta umemkosea: *Nimtegemeaye — fundi rangi. Herufi ndogo zote.*

Fundi alisoma. Akaivua kofia, akaisoma tena.

"Umeandika lini?" aliuliza.

"Inakuhusu nini?" alisema mkewe, akamrushia kitambaa afute mikono.